Jina Lililomshinda Tusekile

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita wasihangaike kwenda kuliazima kwa jirani. Habari yenyewe ni fupi, tena ni mbaya tupu.

Mimi ni Mika, mwalimu wa darasa la watu wazima Iringa. Bwana Kasian, mkubwa wangu wa kazi, alinituma Mbeya nikaandike kijitabu cha kusomea: mji una majengo gani, kila jengo lilianzaje, watu wanakusanyika wapi. Tulipofika Makambako begi langu likapakiwa kwa makosa kwenye lori la Njombe, likaenda zake na barua yangu ya utambulisho, shuka na viatu vya Jumapili. Nikaingia Mbeya na nguo za mwilini, daftari, penseli, na chupa ndogo ya wino mwekundu niliyokuwa nimeitia mfukoni mwa koti ili isije ikamwagikia shuka.

Asukile, niliyesoma naye zamani, alinipokea nyumbani kwake Majengo. Siku ya tatu akapanda lori kwenda Chunya. Kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, alichokitumikia miaka minane, kilikuwa kinafunguliwa skrubu moja moja ili kiuzwe, naye aliitwa akasaidie kukifungua. Nikabaki na mkewe Tusekile, ambaye tangu nijitambulishe kwake alikuwa hanitazami usoni.

Hapo ndipo nilipowaachia. Leo nitasema yote, hata yale yanayonivunjia heshima.

Ijumaa asubuhi Tusekile aliniletea chai.

"Mwalimu, chai hiyo."

"Asante, shemeji. Lakini kila siku mwalimu, mwalimu! Mimi nina jina. Niite Mika."

Akaziba mdomo kwa kanga, akatoka mbio. Nikamsikia huko uani, sijui anacheka, sijui analia. Nikajisemea, huyu mwanamke ananidharau, na Asukile akirudi nitamwambia. Nikanywa chai kwa hasira, nikachukua daftari, nikatoka.

Sasa niwaeleze namna yangu ya kazi, maana ndiyo iliyoniponza. Sikuwa na futi ya kupimia. Kwa hiyo kila jengo nililizunguka kwa miguu, nahesabu hatua kwa sauti, kisha naandika. Boma, hatua mia moja na sita. Soko, tisini. Msikiti niliuzunguka mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilisalimiwa nikasahau hesabu. Hospitali, kanisa, posta, vyote nilivizunguka siku tatu mfululizo, midomo ikichezacheza.

Mtu mgeni, asiye na mzigo wala safari, anazunguka majengo akinong'ona na kuandika. Nawauliza wasomaji wangu, ninyi mngesemaje?

Siku hiyo nilianzia Welfea, ukumbi wa mji wa kupumzikia. Welfea ya Mbeya ilikuwa na redio moja, meza ya kuchezea mpira mdogo, na vitabu kumi na tisa, kimoja hakina jalada. Vibarazani walijaa watu wa Lupa. Machimbo yalipolegea walishuka mjini kungoja kazi. Kazi ikachelewa, wakawa wanangoja taarifa ya habari.

"Lile jengo la bati lenye bomba la moshi ni la nini?" nikauliza.

"Ghala la dhahabu," akajibu mmoja. "Zamani hiyo. Dhahabu yote ya Lupa ililala mle."

"Na siku hizi?"

Akawatazama wenzake. "Siku hizi usiulize."

"Kwa nini?"

"Dhahabu imekwisha, lakini bomba bado linatoa moshi. Wanachemsha nini, mwalimu?"

Nilijua wanachomaanisha. Mwaka ule neno mumiani lilikuwa limeenea kutoka Idodi mpaka Tukuyu: watu wanaokamata watu, wanawatoa damu, damu inakwenda kufanywa dawa. Mimi ni mwalimu, nafundisha watu wazima kwamba hayo ni maneno ya vilabuni. Lakini nakiri mbele yenu kwamba nilipokuwa naelekea kwenye lile ghala, mgongo ulikuwa unanisisimka.

Hatua arobaini na mbili. Mlango wa chuma, kufuli lenye kutu. Nikaandika. Kisha udadisi ukanishinda, nikainama nikachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Ndani, kitu kikalia ngaa!

Leo najua ni bati lililotanuka kwa jua, kama mabati yote yanavyofanya. Wakati ule sikujua kitu. Nilikimbia. Mwalimu mzima, koti linapepea, nimeshika daftari kichwani, nikakata kona nikamvaa mama wa Kisafwa aliyebeba maziwa. Kibuyu chini, maziwa chini, na mimi sikusimama hata kumwomba radhi.

"Ametoka ghalani!" akapiga yowe. "Mnaona! Ametoka ghalani!"

Nikaingia sokoni nikidhani katikati ya watu nitapona. Soko zima likageuka kunitazama.

"We bwana! Simama hapohapo."

Alikuwa Matano, mwenye bucha. Mtu wa miraba minne, na kisu cha kazi mkononi. Hakukinyanyua, lakini hakukiweka chini.

"Umetoka wapi?"

"Iringa."

"Nauliza sasa hivi umetoka wapi."

"Pale... ghalani."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Napima."

Laiti ningesema natembea! Neno hilo lilipita sokoni kama moto kwenye nyasi kavu. Anapima. Juzi kapima hospitali. Jana kapima kanisa. Kwa kina Asukile kapima nini? Asukile mwenyewe yuko wapi? Hajaonekana tangu jana! Watu wakawa wananizunguka, na kila nilipogeuka nilikutana na kifua cha mtu.

Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Mkono wa Matano ukaingia mfukoni mwangu ukatoka na ile chupa, akainyanyua juani.

Soko zima likarudi nyuma hatua moja.

"Hii nini?"

"Wino."

"Wino iko nyeusi," akasema mtu nyuma. "Iko bluu. Nyekundu nani ameiona?"

"Ni ya walimu! Tunasahihishia madaftari!"

"Sokoni unasahihisha nini?" akauliza Matano. Akaifungua, akainusa, akakunja uso. "Haya. Mumiani hanywi, mumiani anauza. Kama ni wino, kunywa."

Nikanywa. Msinicheke. Mtu akikupa mlango huulizi unatokea wapi. Nilipiga mafunda mawili, ule uchungu ukanishika koo, nikakohoa, nikajifuta kwa kiganja, kisha nikawageukia watu nikitabasamu ili waone sijambo.

Mama mmoja akaanguka chini.

Meno mekundu, midomo myekundu, kidevu kinachuruzika, na mimi natabasamu. "Amekunywa damu!" ikawa ndiyo kelele ya soko zima. Nikapigwa ngumi ya mgongo, nikapigwa na kitu kizito cha begani, nikaona kisu cha Matano kimepanda mpaka usawa wa kifua chake. Nikaanza kusema Baba Yetu, nikakwama kwenye mkate wa kila siku.

"Mikono chini!"

Mkono mkavu ukanikamata kifundo cha mkono. Alikuwa Mzee Muhidini, mwenye mgahawa wa karibu na msikiti, mtu ambaye hata wenye bangi humwamkia. "Mtu hapigwi kabla ya kuulizwa. Matano, hicho kisu ni cha ng'ombe."

"Mzee, huyu ni..."

"Nimesikia ni nani. Ninyi mnamjua, mimi simjui. Kijana, nani anakufahamu mji huu?"

"Asukile. Yuko Chunya. Na mkewe, Tusekile."

Mzee Muhidini akafikiri. "Ninong'oneze jina lako, mimi peke yangu." Nikamnong'oneza. "Sasa mke wa Asukile aitwe Welfea. Ataulizwa kitu kimoja tu, jina la mgeni wake. Akitaja nililolisikia, kijana atakwenda zake. Asipotaja..."

Hakumaliza, na hakuna aliyemwomba amalize.

Tukaenda Welfea, yeye akinishika mkono, umati nyuma yetu. Nikakalishwa juu ya ile meza ya mpira. Madirishani zilijaa sura. Moyo wangu ulianza kutulia kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Herufi nne! Siku tatu nimelala kwake, jina langu nimemwambia kwa kinywa changu mwenyewe, na asubuhi ileile nimelirudia.

Tusekile akaletwa, mikono bado ina unga. Aliponiona mdomo wangu akapiga hatua nyuma.

"Unamfahamu huyu?" akauliza Mzee Muhidini.

"Namfahamu. Mgeni wa mume wangu. Mwalimu ya Iringa."

Nikapumua.

"Vizuri, mwanangu. Anaitwa nani?"

Tusekile akainama.

"Jina lake, mama."

"Mwalimu."

"Hiyo ni kazi. Jina."

Akatazama mlango, akatazama miguu yake. Akasema polepole, "Siwezi."

"Hujui?"

"Najua, baba. Siwezi. Jina yake haitoki kwangu."

"Mmesikia!" Matano akapaza sauti. "Analijua na halitoki! Amemfunga ulimi! Ndivyo wanavyofanya, wanakupaka dawa, unabaki unatazama tu, mpaka wakutoe ya mwisho!"

Sasa ndipo penye dhambi yangu, na nimeapa kuiandika. Badala ya kumwonea huruma yule mama aliyesimama peke yake mbele ya watu mia mbili, nilimpigia kelele.

"Sema! Sema, mwanamke mpumbavu wewe! Unataka nichinjwe? Nimekukosea nini tangu nimeingia kwako? Wasionijua ni afadhali kuliko wewe!"

Akalia. Jiwe likapita dirishani likanigonga karibu na sikio, nikaanguka nyuma ya meza, na Mzee Muhidini akaja akasimama mbele yangu na kanzu yake nyeupe. Nilimshika kanzu ile kwa nyuma. Mpaka leo nadhani alama za vidole vyangu vyekundu hazijatoka.

"Pisheni! Pisheni, nasema!"

Aliyeingia alikuwa Andendekisye, karani wa baraza, Mnyakyusa mfupi mwenye miwani. Hakunitazama mimi kabisa. Alimwendea Tusekile, akamwuliza kitu kwa Kinyakyusa. Tusekile akamjibu kwa sauti ndogo, uso ameufunika. Akamwuliza tena. Akajibu tena.

Andendekisye akavua miwani, akaanza kucheka.

"Ninyi watu ni wa ajabu. Huyu mama hakufungwa ulimi na mtu. Jina la mgeni wenu ndilo jina la mkwewe."

"Sasa?" Matano akauliza.

"Sasa nini? Kwetu mke hataji jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo hulizunguka. Hamtazami, hakai naye nyumba moja, akimwona njiani anaingia majanini. Mnamwambia alitaje mbele ya mji mzima! Bora mngemwambia avue nguo."

"Lakini mkwewe ni Mkristo," akasema mmoja wa watu wa Lupa. "Amebatizwa huko Rungwe!"

"Amebatizwa yeye. Mila haikubatizwa."

Watu wakaguna, wengine wakaanza kutabasamu. Mimi nilibaki nyuma ya meza, aibu imenijaa. Ile kanga mdomoni, yale macho yasiyonitazama, kumbe ilikuwa heshima. Kila asubuhi nilikuwa namsukumia jina lisilotajika pamoja na kikombe, kisha nanuna kwamba ananidharau. Sisi Wahehe tunajua kuogopa wakwe, lakini si kiasi hicho. Wala sikuwa nimeuliza.

"Shemeji," nikasema, "nisamehe."

"Ndaga, asante, mwalimu," akasema, bado anafuta machozi. "Basi tu."

"Haya, mkwewe anaitwa nani?" akauliza Mzee Muhidini.

"Mika," akajibu Andendekisye.

"Ndilo aliloninong'oneza. Jamani, tumekwisha."

"Bado," akasema Matano.

Nilitamani mtu amtie kitambaa mdomoni.

"Bado, mzee. Jina amelitaja karani, yeye mama hajalitaja. Huyu bwana anazunguka mji mzima anauliza kila kitu. Atashindwa kusikia jina la baba yake Asukile akajipachika? Huyo mkwe yuko wapi?"

"Yuko hapo hospitali, anatibiwa jicho."

"Basi aletwe. Akisema anamjua, mimi Matano nitamwomba huyu bwana radhi hadharani na kumpa ratili mbili za nyama."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na kwa mdomo wangu mwenyewe, mdomo huohuo uliokunywa wino, nikapaza sauti: "Aletwe! Aletwe mara moja! Ananijua vizuri, ni somo yangu!"

Ni kweli alikuwa ananijua. Jumatano jioni Asukile alinipeleka wodini kumwamkia. Mzee alifurahi kupata somo wa kutoka Iringa, akanishika mkono hakuuachia. Nilimwuliza hospitali ilijengwa lini, waliochanga mawe ni nani, naye akanieleza yote kwa hamu, kama wazee wanavyopenda kuulizwa. Nilimpenda mzee yule. Nilipomkumbuka, hofu ilinitoka mwilini, nikajifuta uso, nikafunga vifungo vya koti.

Andendekisye akaenda. Hospitali haikuwa mbali. Haikupita muda tukasikia kikohozi na fimbo vibarazani.

Tusekile alikitambua kikohozi kile kabla yetu sote. Akavuta kanga kichwani, akageuza uso ukutani, akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia kwa kuinama. Hakuna aliyemzuia, sasa wote walijua sababu. Nami sikufikiri kwamba ndiye mtu pekee aliyesema mbele ya watu wale kwamba ananifahamu.

Mzee Mika akaingia. Jicho moja limefungwa bandeji, jingine linatoa machozi. Watu wakampisha mpaka mbele yangu.

"Shikamoo, somo yangu."

Akainama kunitazama. "Sema tena."

"Shikamoo, baba. Mimi Mika. Wa Iringa."

Akanisogezea lile jicho moja. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu.

"Huyu namjua," akasema.

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mtu akapiga makofi. Matano akakichomeka kisu kiunoni, akanitazama kama mtu anayetafuta maneno ya radhi. Mzee Muhidini akanibana kifundo kwa furaha. Mimi machozi yalinitoka mbele ya watu, sikuyaficha.

"Anaitwa Mika kama mimi," mzee akaendelea. "Alikuja Jumatano na mwanangu."

"Ndiyo, baba!"

"Akakaa kitandani kwangu. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza nyumbani wapi, nimezaliwa lini, nilikuja hospitali lini. Yote akaandika kwenye daftari."

"Ya kitabu, baba," nikasema. "Ilikuwa ya kitabu."

Mzee hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Alikunja mkono wa shati lake taratibu mpaka juu ya kiwiko, akawaonyesha watu pamba iliyobandikwa pale. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekaa na jambo lake tangu jana akingoja wa kumwuliza.

"Asubuhi yake, hata chai sijanywa, wakaja na sindano wakanitoa damu. Nikawauliza ya nini. Wakaniambia, mzee, jina lako limeandikwa."

Mzee Muhidini, aliyekuwa amenishika mkono tangu sokoni, akauachia.